Kwa-Masha Ndani ya Miwani

Kitendawili kwako wewe unayesoma: nina nyumba isiyo na fito wala udongo, lakini ukiingia utainama mlangoni. Fikiri kidogo. Umeshindwa? Basi nipe mji. Malindi sitaki, na Mambrui ndiko ninakokaa. Nipe Kwa-Masha, kwetu kwa zamani, ambako leo ni mashamba ya chumvi. Umenipa? Ahsante. Jibu ni ile miwani ya shuleni kwa mjukuu wangu Kadii.

Ni mikubwa, myeusi, ukiivaa huoni darasa tena. Mwalimu Idah wa gredi ya sita aliwaambia watoto wajenge kijiji cha zamani ndani ya kompyuta, mtu akivaa miwani ajione yumo, anatembea. Watoto wakachagua Kwa-Masha. Wiki tatu nzima Kadii alikuwa akirudi na daftari, ananihoji kama karani wa sensa.

"Hawe, jiko lilikuwa upande gani? Kisima je? Na mlango wa nyuma ulikuwepo?"

Nilimjibu yote. Sisi Wagiriama bibi ndiye hawe na babu ndiye tsawe, na hawe hakosi la kusema. Miguu yangu bado inazijua njia zile.

Ila nilikuwa na swali langu mwenyewe. Mtoto wangu wa kwanza, Kenga, aliishi siku nne. Mimi nilishikwa na homa ya uzazi nikapelekwa hospitali, yeye akabaki nyumbani na mama mkwe. Waliomzika ni mume wangu Mwaringa na huyo mama yake. Niliporudi nikauliza, mmemlaza wapi? Mama mkwe akanyamaza mpaka akafa. Mwaringa akasema, "Pona kwanza." Nikapona. Nikamzaa Nelly na wenzake watatu. Tukahama, maji ya chumvi yakaingia. Na kila nikiuliza, Mwaringa anakumbuka ana kazi shambani. Mwaka huu ni wa arobaini na sita. Sitaki kumlaumu mtu. Nataka mahali tu, pa kuelekeza uso nikilitaja jina lake.

Siku ya wazazi tukaenda shuleni wote wawili. Mwaringa alivaa shati la kanisani na kulalamika njia nzima.

"Nikaone nyumba ya bandia, na ya kweli niliijenga kwa mikono hii."

"Basi njoo ukosoe," nikamwambia. "Kukosoa hujawahi kuchoka."

Nilianza mimi. Mwalimu akanifunga miwani, nikapaona kwetu. Makuti yalikuwa mapya kupita kiasi, na kuku walikuwa weupe wote kama wa dukani. Lakini minazi mitatu ilisimama palepale, na mtungi ulikuwa kando ya mlango. Nikanyoosha mkono niuguse, nikashika hewa. Nikageuka huku na huku nikitafuta kilima kidogo cha udongo. Hakikuwepo. Watoto wangekiweka vipi, nami sikuwaambia? Na ningewaambia nini? Nikaivua, nikajifuta kwa leso.

"Imekuumiza macho, bibi?" Mwalimu Idah akauliza.

"Kuku wenu ndio walioniumiza," nikasema, na watoto wakacheka.

Ikawa zamu ya Mwaringa. Alivua viatu kwanza, kisha akabisha hodi, na darasa likazidi kucheka. Halafu pale mbele ya ubao, mahali pasipo na kitu, akainama. Aliinama hasa, kama mlango wetu ulivyotaka, akapita. Kicheko kikakatika chenyewe.

Alichokiona yeye kilionekana pia ukutani, kwa mashine inayorusha picha, nasi tukamfuata kwa macho.

"Jiko mmelisogeza," akasema. "Lirudi kushoto, hatua tatu."

Kadii akabonyeza kompyuta. "Hapo sawa, tsawe?"

"Hapo. Sasa niacheni nitoke kwa nyuma."

Akatoka. Akalizunguka jiko lisilokuwepo, mkono mmoja mbele, hatua kwa hatua, mpaka karibu na dirisha la darasa. Akasimama. Ukutani palionekana mchanga mtupu. Mwalimu Idah akataka kwenda kumshika mkono. Nikamzuia, nikaenda mimi.

"Baba Nelly," nikamwita taratibu. "Mlimlaza wapi?"

Hakuivua miwani.

"Kwanza niliogopa utahamia pale, usiondoke," akasema. "Baadaye chumvi ikaja. Ningekwambiaje kuwa yuko chini ya maji?"

"Ungeniambia hivyo hivyo."

Akapiga magoti polepole, magoti yake yakalia, akaweka kiganja juu ya sakafu ya saruji.

"Hapa," akasema. "Nyuma ya jiko, hatua saba. Kichwa chake kiko upande wa mlango wako."