Tundu Chumbani kwa Bi Asia

Mtaa mzima wa Rahaleo ulijua kwamba Bi Asia ametoa jiko lake liwe karakana. Alilitangaza mwenyewe, sokoni na hata msibani: mkamwana wake Somoe, fundi wa kukereza vyuma, hatatumikia tena karakana za watu. Mashine zake mbili kuukuu, ya kukereza na ya kutoboa, zilisukumwa hadi uani juu ya vipande vya mabomba. Mlango wa jiko ulibomolewa ukapanuliwa, sakafu ikamwagwa zege, mashine zikafungwa bolti. Humo ndani ikabaki nafasi ya Somoe kugeuka tu. Bi Asia akahamishia mafiga yake uani, raha mstarehe.

"Mwanamke na vyuma!" alicheka jirani yake, Bi Farida. "Mtakula nati humo, shoga yangu."

"Tutakula, na tutashiba. Wewe una lako?"

Mteja wa kwanza aliletwa na Bi Asia mwenyewe. Alikuwa Nahodha Yusufu wa Msimbati, akiwa na shafti ndefu ya boti iliyotakiwa kukerezwa ncha ili ikae pangaboi la kusukumia chombo.

"Ijumaa ikipita, Mama, naipeleka Dar," alisema nahodha. "Na wenzangu watanifuata mimi."

"Ijumaa utaikuta tayari," akajibu Bi Asia, kana kwamba fundi ni yeye.

Somoe akaipenyeza shafti ndani ya kichwa cha mashine, ili ncha moja ibaki mbele ya kisu na urefu wote utokee nyuma. Ngo! Ikagota ukutani. Akajaribu tena. Ngo! Akakaa chini sakafuni, mikono kichwani.

"Tulipima mashine, Mama. Hatukupima kazi."

"Si uigeuze?"

"Nikiigeuza inagonga hii mashine nyingine. Chumba hakitoshi. Wacha nahodha aje achukue chuma chake, na mimi nirudi kuomba kibarua kule kule."

Loh! Yale maneno yalimchoma Bi Asia. Arudi kule, walikokuwa wakimpa kazi ya kufagia vumbi la chuma wakati mikono yake inajua kukereza? Akautazama ukuta. Nyuma yake ni chumba chake cha kulala. Marehemu mumewe, Sudi, aliujenga ukuta huo kwa mikono yake, tofali moja moja, na tangu afariki hakuna aliyeruhusiwa kupigilia hapo hata msumari. Mwanawe Nassoro, mume wa Somoe, aliomba kutundika kalenda tu, akafukuzwa.

"Tukitoboa itapita?"

"Itapita. Lakini huko ni chumbani kwako, Mama."

"Chumba changu nakijua kilipo. Maji tumeshayavulia nguo, mwanangu. Lete nyundo na tindo."

Somoe alileta, ila kupiga hakuthubutu. Bi Asia akajifunga kanga kiunoni.

"Bismillahi. Sudi, nisamehe. Kama husamehe, shauri yako, tutaelewana huko huko."

Akapiga. Vumbi likamjaa kope, akapiga tena, mpaka tundu likatokea chumbani.

Kitanda kikasogezwa, shafti ikapenyezwa tunduni. Somoe akatengeneza kiegemeo cha mbao upande wa chumbani na uzio wa kukinga watu, kisha akawasha mashine polepole. Bi Asia alikaa kitandani amevaa kanga zake za sikukuu, akiitazama ile shafti ikizunguka. Machozi yakamtoka. Fahari ile hakuwa ameionja tangu siku alipomzaa Nassoro.

Ijumaa nahodha alijaribisha pangaboi, likakaa barabara. Akaondoka akimsifu fundi njia nzima.

Haikuchukua muda Bi Farida akaja kutazama. Kufika chumbani, akashika mdomo.

"Maskini shoga yangu! Wamekutoboa nyumba!"

"Nani maskini?" Bi Asia alimsukumia kigoda na kumpa kikombe cha chai. "Kaa, ila usisogee karibu. Hiyo ni shafti nyingine ya Msimbati, na mwenye ya tatu yuko uani anangoja. Sikutobolewa mimi. Mume wangu alinijengea ukuta, na mimi nimemfungulia mwanangu njia."

Bi Farida akakaa, macho yasibanduke kwenye chuma kile, mpaka chai ikampolea mkononi.