Chumba cha Katy

Wakiwa njiani kwenda Houston, hata mji wa Corsicana hawajafika, Natalia alikuwa ameshabadilisha mkao mara kumi. Alipandisha miguu kwenye kiti, akaishusha. Alifungua kioo, upepo wa barabara kuu ukamvuruga nywele, akakifunga.

"Una nini wewe?" baba yake, Severin, alimuuliza bila kutoa macho barabarani. "Kama umekalia siafu."

"Sina kitu, Baba. I'm fine."

Alikuwa nacho. Zilibaki siku tano avijibu vyuo viwili vilivyomkubali kusomea uhandisi wa ujenzi. Kimoja kilikuwa Arlington, jirani kabisa na kwao Grand Prairie. Kingine Houston, zaidi ya saa nne kwa gari. Ada zilikaribiana, maana vyote vilimpa msaada. Tatizo lilikuwa bweni. Kulala na kula Houston kulitaka dola elfu kumi na nne kwa mwaka, na Severin, dereva wa foklifti kwenye ghala, hakuwa nazo wala hakuwa na pa kuzitoa. Ndipo binamu yake Elibariki, anayeishi Katy, pembeni ya Houston, alipopiga simu: chumba kipo, mtoto aje akae bure. Wiki hiyohiyo Severin aliwatangazia nusu ya kanisa kwamba binti yake anakwenda Houston. Natalia aliitikia kila alichoambiwa, ingawa hakuwa na uhakika.

Walifika Katy jua likiwa bado juu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu! Umerefuka hivi!" Abigail, mke wa Elibariki, alimshika mkono akampeleka moja kwa moja kukiona chumba. Kilikuwa kizuri, kina pazia jipya na kitanda kipana. Kando ya ukuta kulikuwa na vitanda viwili vidogo vya watoto wake pacha wa miaka mitatu.

"Hawa hawasumbui," Abigail alisema. "Mimi nikiwa zamu hospitali na baba yao yuko safarini na lori, utawapa chakula tu, uwaogeshe, uwalaze. Asubuhi unawapeleka chekechea, halafu unakwenda zako chuoni."

Mezani, wakinywa chai, alimgeukia Severin uso ukimng'aa. "Yaani shemeji, Mungu katukumbuka. Tumehangaika wee, sasa tumepata dada."

Severin alitua kikombe. Kule Moshi, Tanzania, alikokulia, mwenye nyumba akisema amepata dada, kila mtu alijua ni dada gani: yule msichana anayeletwa kutoka kijijini kuja kupika na kulea watoto wa wenzake.

Elibariki alikohoa. "Atasaidia kidogo tu, kaka. Kidogo kidogo."

Asubuhi iliyofuata walikwenda kukiona chuo, na foleni ya kuingia mjini iliwaweka njiani saa moja na dakika arobaini. Natalia hakuwa na gari. Alitazama magari yaliyoganda mbele yao, akajiuliza mtu angewafikishaje watoto chekechea saa mbili na yeye mwenyewe awe darasani saa tatu.

Lakini chuo kilimteka. Katika maabara moja kulikuwa na mfereji wa kioo, maji yakipita ndani yake. Lévi, mwanafunzi aliyewatembeza, alimpa Natalia ndoo ya mchanga. "Jenga tuta, tuone kama litahimili."

Alijenga, maji yakalibomoa. Alijenga tena, akalipanua chini, mikono ikiwa na tope mpaka viwiko. Wageni wengine waliondoka, yeye akabaki. Severin alisimama mlangoni akimwangalia, asimharakishe.

Wakirudi nyumbani, Severin alianza wakipita Huntsville.

"Shemeji hakusema kwa ubaya."

"Najua, Baba. Amechoka."

"Lakini sikukuleta Marekani uwe dada wa mtu. Nikichukua na zamu ya Jumapili, bweni labda..."

"Hapana. Jumapili ndiyo siku pekee tunayokuona mezani." Natalia alivuta pumzi. "Nitakwenda Arlington. Ila sitakaa nyumbani."

"Utakaa wapi?"

"Rafiki yangu Chebet amepata apartment karibu na chuo, anatafuta mtu wa kushea naye. Nusu yangu ya kodi nitailipa kwa mshahara wa kazi yangu ya dukani."

"Kutoka Grand Prairie kwenda Arlington?" Severin nusura atoke njiani. "Dakika kumi na tano! Watu watasema nimekufukuza!"

"Waseme. Baba, mimi nilitaka kuondoka. Nilidhani kuondoka ni Houston."

Severin alizima redio, akaiwasha, akaizima tena. Mji wa Ennis ulipoonekana alisema, "Mama yako utamwambia mwenyewe."

Alimwambia Jumamosi, na mama hakumsemesha mpaka Jumatatu. Jumatatu alimuuliza kama huyo Chebet anajua kupika, au wataishi kwa chipsi. Severin alimpigia Elibariki, akasema mtoto ameamua kubaki huku. Abigail hakupiga tena simu mwezi mzima.

Siku ya mwisho ya kuvijibu vyuo, Natalia alikaa kwenye ngazi za nyumba yao, simu mkononi. Arlington aliikubali kwa kubonyeza mara moja. Kuikataa Houston kulimchukua saa nzima. Alikuwa akikumbuka ule mfereji. Alipobonyeza, alingoja moyo utulie. Haukutulia. Aliinuka, akampigia Chebet.

"Twende tukaione tena hiyo nyumba."

"Si tumeiona jana?"

"Twende tu," Natalia alisema, tayari anatafuta viatu.