Asiyepiga Hodi

Emerensiana alikuwa amefika sura ya tano marehemu mumewe, Wendelin, alipoingia na kumwambia aendelee kusoma. Alivua viatu mlangoni, maana udongo wa makaburini Ukata ni mwekundu na sakafu ilikuwa imepigwa deki.

Alikuja hivyo kila alasiri, riwaya ikifunguliwa. Enzi wakifundisha Mbamba Bay, mke alisoma kwa sauti na mume alikaanga usipa, dagaa wa ziwani. Usipa ukiungua, kitabu kilikuwa kizuri. Kuna mwaka walikula usipa mweusi karibu kila wiki, na Emerensiana hatamani mwaka mwingine wowote urudi kama huo.

Riwaya hii aliletewa na binti yao kutoka Songea. Ilimhusu mjane ambaye vitu vyake vinahamahama ndani ya nyumba, leo miwani, kesho ufunguo, hadi anaanza kujitilia shaka. Mwandishi alitaka msomaji ahangaike hadi mwisho kujua ni nani anayeingia.

"Anaingia bila kupiga hodi?" Wendelin aliuliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Basi ni ndugu wa mume. Mgeni angepiga hodi, na mwizi angepita dirishani. Mwandishi katuharibia mapema."

"Mimi naona taharuki ipo. Hofu si kutomjua. Hofu ni kumjua halafu usiaminiwe."

Akafunga kitabu, akamweleza. Tangu mazishi, Salvatory, mdogo wake Wendelin, alikuwa akiingia bila hodi. Mkasi wa kupogolea kahawa ulikutwa ndani ya pipa la unga. Sasa alikuwa akitangaza kwamba shemeji yake amechanganyikiwa, anakisomea kiti kitupu kitabu, na mtu wa hivyo haachiwi shamba la kahawa. Ukoo ungekaa Jumapili baada ya misa kuamua.

"Nitakuwepo," Wendelin alisema.

Na alikuwepo. Salvatory ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba. Shangazi Kunigunda, aliyeongoza kikao, alimuuliza habari za huko. Alijibu kuwa kuna baridi zaidi kidogo kuliko hapa. Kisha akasema kwamba mkewe ana akili timamu, kwamba msikilizaji ni yeye, na kwamba mkasi uliwekwa kwenye unga na Salvatory.

Salvatory hakukana. Alisema anamheshimu sana kaka yake, ila kaka ameshafariki, na marehemu hasemi kwenye kikao cha mali yake mwenyewe. Shangazi Kunigunda alifikiri kidogo, akakubali kuwa huo ndio utaratibu. Shamba likaenda kwa Salvatory, watu wakaletewa ugali.

Kesho yake vibarua wa Salvatory walikuwa wakichuma kahawa nyuma ya nyumba, wakicheka. Salvatory mwenyewe aliingia, akaketi kwenye benchi kando ya kaka yake. Akauliza yule mjane wa kitabuni aliishia wapi. Siku zote zile alikuwa akisikiliza nje ya dirisha, alisema, na shughuli za kikao zimemkosesha sura mbili.

"Sijamaliza," Emerensiana alijibu, akatafuta ukurasa.

Wendelin alisogea kumpa mdogo wake nafasi, kama walivyolelewa, na wote wawili wakanyamaza wasikie.