Nyumba Iliyouzwa Lorraine Akiwamo

Ijumaa ya kwanza ya Machi, saa nne asubuhi, Lorraine Hindle alipanda ngazi iliyoegemezwa kwenye ukuta wa namba 17, Mtaa wa Inkerman, akaanza kutoa majani yaliyoziba mfereji wa paa. Chini, Bwana Ormerod, mwenye nyumba, alimshikia ngazi kwa mikono miwili huku mvua ikimwingia kwenye kola. Zamani mwenye nyumba ndiye aliyepanda na mpangaji ndiye aliyeshika. Tangu goti lake likatae, walibadilishana, na hakuna aliyeona ajabu. Kila Ijumaa kwa miaka thelathini palipatikana kitu cha kutengeneza, na kikisha kutengenezwa waliingia jikoni kunywa chai.

Siku hiyo Bwana Ormerod hakugusa biskuti.

"Sema tu," Lorraine alimwambia. "Umekaa kama mtu aliyevunja dirisha la kanisa."

"Nauza nyumba, Lorraine."

Lorraine alikiweka kikombe mezani polepole, maana kilikuwa kimejaa.

"Wakala alinishauri nikutoe kwanza," Bwana Ormerod alisema. "Eti nyumba tupu ndiyo yenye bei. Nikamwambia yule ni mpangaji, si paka wa kufukuzwa kwa ufagio. Basi nimewauzia halmashauri ya mji. Wao wananunua nyumba na mtu wake ndani. Utabaki papa hapa. Hata kijiko chako hakitahama."

"Na wewe je?"

"Naenda kwa binti yangu, kule Cornwall. Umri umenitupa mkono, mama."

"Na Ijumaa?"

Bwana Ormerod aliitazama chai yake. Alikuwa amefikiria kila kitu, cheti cha gesi, funguo, waya za umeme, lakini Ijumaa hakuwa ameifikiria. Alimumunya peremende yake mpaka ikaisha.

"Jambo moja," alisema alipokuwa akivaa koti. "Watamtuma afisa aje kuhesabu vyumba. Hii nyumba niliinunua na vyumba viwili vya kulala, na hati inasema viwili. Vile vingine, akiuliza, mwambie ni makabati. Au usimfungulie kabisa."

Vile vingine vilikuwa vitatu.

Cha kwanza kilitokea miaka kumi na mmoja nyuma, asubuhi ya pili baada ya kumzika Trevor, mumewe. Lorraine alipanda juu na kapu la nguo, akakuta mlango mpya baada ya bafu. Ndani palikuwa na kitanda kimoja kilichotandikwa na harufu ya mafuta ya injini, kwa kuwa Trevor alikuwa fundi wa mabasi. Lorraine alifungua dirisha kidogo, akapangusa vumbi, akaendelea na nguo zake. Cha pili kilikuja taratibu, mwaka ule mwanawe Craig alipohamia Perth, Australia, na simu zake za kila Jumapili zikawa za kila mwezi, kisha za Krismasi. Hicho kilikuwa na picha za wachezaji mpira zilizobandikwa mpaka darini. Cha tatu kilizuka kiwanda cha ndara kilipofungwa na wanawake waliokula naye mchana kwa miaka ishirini wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Kilikuwa na meza ndefu, viti kumi na viwili na harufu ya gundi. Kwa nje nyumba ilibaki ile ile ya madirisha mawili juu, imebanwa na nyumba nyingine pande zote mbili, na majirani hawakupungukiwa hata inchi.

Bwana Ormerod, wakati goti lake bado linamtii, alionyeshwa kila chumba kilipotokea. Kila mara alirudi Ijumaa iliyofuata na king'ora cha moshi, akakigongomelea darini. Kodi hakuipandisha. "Sikukijenga mimi," alisema. "Nitamtozaje mtu kwa nisichokijenga?"

Afisa alikuja Jumanne. Aliitwa Kirsty Nuttall, msichana wa miaka kama ishirini na tisa, mwenye mafua, kishikwambi kwapani na tepu ya kupimia mfukoni. Lorraine alikuwa ameamka alfajiri kuoka keki ya tangawizi. Milango mitatu ilikuwa imefungwa, na funguo zake alikuwa nazo kwenye mfuko wa aproni. Alikuwa amekwisha amua. Makabati, basi.

Kirsty alipima jiko, akapima sebule, akapima vyumba viwili vya juu. Kisha akapenga kamasi, akasema, kama watu wanavyosema tu ili kuwa na adabu, "Nyumba yako umeitunza kweli, mama. Mtu angependa kuiona yote."

Miaka miwili ilikuwa imepita tangu mtu mwingine apande ngazi zile. Lorraine alisikia mkono wake ukiingia mfukoni wenyewe.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lorraine alipona kwa dakika arobaini nzima.

"Kuna harufu ya mafuta ya injini humu," Kirsty alisema katika chumba cha kwanza.

"Ni mume wangu."

"Pole sana, mama. Hebu nishikie ncha hii pale ukutani." Lorraine alishika. Tepu ilinyooka kati yao, ikatetemeka kidogo, ikatulia. "Mita tatu na nusu. Asante."

Cha Craig walikipima hivyo hivyo, Lorraine huku na Kirsty kule, na Lorraine akataja kila mchezaji aliyekuwa ukutani na timu yake. Kwenye chumba cha viti alieleza nani alikaa wapi. "Hapa Beryl, mdomo mchafu lakini roho safi. Hapa Noreen, alikuwa akiiba chumvi ya kiwanda." Kirsty alicheka hadi akakohoa.

"Lakini hiki kina meza," Lorraine alisema. "Si cha kulala."

"Kikizidi mita saba za mraba ni cha kulala, mama. Ndiyo kanuni." Akaandika vitano.

Kisha alikula vipande viwili vya keki, akaaga. Lorraine aliosha vyombo akiimba. Ni kweli, aliimba; na asiyewahi kukaa na ukiwa asimcheke.

Nyumba iliuzwa mwezi wa Mei, Lorraine akiwamo. Mwezi wa Juni ilikuja barua. Ilisema kwamba mtu mmoja anastahili chumba kimoja, kwamba yeye anakalia vitano, kwamba posho ya serikali inayomsaidia kulipa pango ingekatwa kwa ajili ya vile vinne, na kwamba kulikuwa na fleti ya chumba kimoja ghorofa ya saba, ng'ambo ya mji, ikiwa angependa. Mshahara wa kuosha masufuria katika shule ya msingi usingeziba pengo hilo. Lorraine alivaa koti la kanisani akaenda ofisini.

"Vile vyumba vina wenyewe," alimwambia Kirsty.

"Nipe majina niwaingize."

"Trevor Hindle."

"Umri?"

"Alifariki akiwa na hamsini na minne."

"Huyo mfumo hautamkubali, mama. Mwingine?"

"Craig, mwanangu."

"Analala hapo?"

"Analala Perth. Sasa hivi ndiyo amelala."

Kirsty alikaa na vidole juu ya vitufe bila kubonyeza. Hakuwa mtu mbaya. "Kwa mwenye nyumba wako wa zamani hakuna aliyekuwa akihesabu," alisema. "Sisi lazima tuhesabu. Kuna watu wanane kwenye orodha yangu wanaolala vyumba viwili."

Jioni Lorraine alimpigia Bwana Ormerod.

"Nilidhani nimekuacha mahali pa salama," mzee alisema. "Lakini wewe nawe, Lorraine! Si nilikwambia useme makabati?"

"Alisema angependa kuiona."

Bwana Ormerod alikuwa akiishi chumba cha nyuma katika nyumba ya binti yake, na huko hakuna aliyemwomba kuona chochote.

"Ningefanya hivyo hivyo," alisema mwishoni.

Vijiko vilihama vyote, sanduku moja na sufuria. Fleti ilikuwa kavu, safi, na kutoka dirishani ilionekana mitambo ya upepo juu ya kilima, mmoja ukizunguka na mmoja umesimama. Lorraine alipanga vitu vyake kwa siku moja. Siku ya pili hakuwa na la kupanga.

Namba 17 walipewa wale watu wanane: Tariq Mirza, dereva wa teksi, mkewe Shaista, watoto watano na mama yake Tariq. Walikuwa wamesubiri miaka sita. Walipewa kwa sababu ya vyumba vitano, na kwa wiki ya kwanza walikuwa navyo.

Mwezi Septemba Shaista alikuja ghorofa ya saba na sahani ya sambusa iliyofunikwa na kitambaa. Anwani aliipata kwenye ofisi ya posta ya mtaa.

"Samahani, mama, nimekuja kuuliza," alisema hata kabla ya kukaa. "Vyumba vimekwenda wapi?"

"Vimeondoka?"

"Kwanza kile cha meza. Mtoto alipanda kufuata kiti, akakuta ukuta na karatasi yake ya maua kama vile haujawahi kuwa na mlango. Kisha cha picha za mpira. Juzi kile kinachonuka gereji. Tumebaki na viwili."

Lorraine alimmiminia chai. "Mnakula pamoja?"

"Tutakulaje mbalimbali? Meza yenyewe ni moja."

"Watoto wanapiga kelele?"

"Mpaka jirani anagonga ukuta!"

"Basi ndiyo hivyo, mwanangu. Havikai penye watu."

Shaista alitafuna sambusa yake mwenyewe akifikiri. "Kweli," alisema. "Jumatatu mama mkwe alijifungia bafuni kutwa nzima akililia kwao, Jhelum. Kikarudi kimoja, lakini kidogo, hata ufagio uliingia kwa shida. Wajukuu wakamgongea mlango atoke awahukumie ugomvi wao, akatoka. Kikaenda zake."

"Halmashauri mmewaambia?"

"Wanasema kwenye rejista viko vitano. Mwenye vyumba vitano hapangi foleni." Alicheka kwa uchungu, akakunja kitambaa chake. Mlangoni alimkumbatia Lorraine akasema atakuja tena, na alimaanisha. Lakini watu wanane katika vyumba viwili humaliza siku yote ya mwanamke, na hakuja.

Novemba ilifika barua kutoka Cornwall. Binti wa Bwana Ormerod aliandika kwamba baba amefariki akiwa usingizini, na kwamba katika karatasi zake amekuta jina la Lorraine kwenye kalenda, kila Ijumaa, mpaka Desemba.

Asubuhi iliyofuata palikuwa na mlango kando ya jokofu. Lorraine alimaliza uji wake kwanza, kisha akafungua. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani, koti lilikuwa msumarini likichuruzika maji, na chumba kizima kilinukia peremende. Kwenye kimeza kidogo palikuwa na vikombe viwili. Lorraine alikwenda kuchukua ndoo, akaiweka chini ya koti. Tangu siku hiyo, Ijumaa saa nne, alikuwa akinywea chai humo. Alilia mara moja tu, Ijumaa ya kwanza.

Kisha halmashauri wakamletea barua ya ukaguzi, ikimpa wiki mbili. Safari hii Lorraine hakuwa mjinga. Alijua chumba cha pili kingemletea nini, na kwamba chini ya fleti ya chumba kimoja hakuna pa kumhamishia mtu, isipokuwa nje. Alilisukuma kabati la nguo kwa bega, futi kwa futi, mpaka likaziba mlango.

Kirsty aliingia Alhamisi na mafua yale yale au mengine. Alitazama jiko, akatazama bafu, akachungulia chumba cha kulala.

"Kimoja, kama kawaida," alisema akigusa kishikwambi. "Umenirahisishia kazi, mama." Kabati la nguo kusimama jikoni hakuliuliza.

"Chai iko tayari. Na keki ya tangawizi."

"Ningekaa, lakini nina nyumba nane kabla ya saa sita." Alikuwa tayari anafunga zipu ya koti. Alikuwa ndani kwa dakika nne.

Lorraine aliutazama mkono wa msichana ukishika kitasa. Wiki kumi na moja zilikuwa zimepita tangu Shaista atoke kwenye mlango ule.

"Kipo kingine," alisema. "Nyuma ya kabati."

Kirsty hakugeuka. "Mama," alisema polepole, "sijakusikia vizuri. Mafua yameniziba masikio."

Alikuwa akimpa nafasi, na Lorraine alielewa kwamba anapewa. Alingoja kidogo kwa heshima.

"Nimesema kipo kingine. Ni cha Bwana Ormerod, yule mwenye nyumba wangu. Njoo ukione."

Kirsty aliachia kitasa. Kisha akafungua zipu. Walilisukuma kabati pamoja, na msichana akaingia, akaikwepa ndoo, akatazama ngazi, akatazama vikombe. Akatoa tepu. Lorraine hakungoja kuambiwa. Alishika ncha, akaenda nayo mpaka ukuta wa mbali, akaibana kwa kidole gumba. Tepu ikanyooka kati yao.

"Mita tatu na robo," Kirsty alisema. Mkono wake ulikuwa umekaa juu ya kishikwambi. "Naandika viwili, mama."

"Andika," Lorraine alisema, hakuachia ncha yake. "Lakini pima tena kwanza. Nadhani ililegea."

Kirsty akapima tena.