Tundu la Chini ya Mtungi

Kwa asubuhi ya tatu mfululizo, fundi aliyeitwa Milimita aliinama ndani ya kabati la mtungi wa gesi, akapapasa sakafu kwa kidole, na kidole kikagonga kitu. Tundu lilikuwa limezibwa tena.

Juzi lilizibwa kwa tambara, kipande cha shati kuukuu la shemeji yake. Jana ilikuwa sponji. Leo kulikuwa na kizibo kilichochongwa kwa soli ya kandambili, kimekaa sawasawa kiasi kwamba Milimita, aliyepewa jina hilo kwa tabia yake ya kupima kila kitu mara tatu, alikiri moyoni kuwa hata yeye asingekichonga vizuri zaidi. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Mtu akiamua kukufanyia ujinga, basi angalau aufanye ovyo.

Alikichokoa kwa bisibisi, akateremka garini nacho.

"Shemeji, hiki nini?"

Shemeji alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa karakana, anakunywa chai. Aliendesha malori miaka thelathini na miwili, sasa amestaafu, na lile basi dogo lililong'olewa viti lilikuwa lake. Mwezi mzima Milimita alikuwa akiligeuza nyumba: kitanda, meza ya kukunja, jiko la plati mbili, na ubavuni, chini ya kitanda, kabati refu la kusimamisha mitungi miwili wima.

"Kizibo," shemeji akajibu, akapuliza chai yake.

"Nimekwambia mara ngapi tundu lile halizibwi?"

"Mara nyingi. Na mimi nimekwambia mara ngapi vumbi linaingia? Umetoboa huku nyuma kabisa. Gari likienda, vumbi lote linajizungusha nyuma. Toboa ncha ile ya mbele, karibu na mlango. Kabati si refu?"

"Sakafu inainamia nyuma. Milimita nne. Nimepima."

"Haya, umepima," shemeji akasema. "Mimi nimekula vumbi miaka thelathini na miwili. Na dada yako kifua chake unakijua."

Milimita aliuma meno. Kama kuna kitu kilichompandisha mori, ni mtu aliyekaa juu ya ndoo kumfundisha kazi mtu aliyepiga magoti tangu alfajiri. Tena si kwamba hakumweleza. Alimweleza kwa maneno, alimchorea kwa chaki sakafuni. Gesi ya mtungi haipandi kama moshi wa kuni. Ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka, hutambaa, hujaa chini polepole mpaka imfikie mtu alipolala. Kwa hiyo kabati huzibwa raba pande zote, lisipumue ndani ya gari, na chini kabisa huachwa tundu ili gesi ianguke nje barabarani. Ukiziba tundu hilo, kazi yote ni bure.

"Nitafungua dirisha," shemeji alisema siku ile ya chaki.

"Dirisha liko juu. Gesi iko chini."

"Basi nitafungua na mlango."

Ungesema nini na mtu wa namna hiyo? Na angekuwa mteja mwingine, Milimita angemwambia achukue gari lake na vizibo vyake aende salama. Lakini atakayelala juu ya kabati lile alikuwa dada yake, aliyemwosha uso na kumfunga vifungo vya shati la shule, na dada hakuwa na pua. Pua yenyewe ilikuwepo, tena nzuri tu, ila mafua makali ya miaka sita iliyopita yaliondoka na harufu zote, na hazikurudi. Mwaka jana mpira wa gesi ulipasuka jikoni kwake. Jirani aliisikia harufu akiwa langoni, akaingia mbio, akamkuta dada amesimama mbele ya jiko na kiberiti mkononi, akitaka kujua kelele ni za nini.

Milimita hakulala vizuri tangu siku ile. Na kesho alfajiri wawili hao wangeondoka kuwazungukia watoto wao wanne, safari ya miezi mitatu, wakipika na kulala humo humo. Heri lawama kuliko fedheha, alijiambia. Wamwite msumbufu, lakini tundu litabaki wazi.

Saa nne dada alifika na mifuko ya mashuka na birika mpya aliyoinunulia safari. Alimtazama mumewe, akamtazama mdogo wake, akaona kizibo mkononi.

"Mnagombana tena?"

"Hatugombani," wote wawili wakasema.

"Dada, njoo uone mwenyewe," Milimita akasema. "Mimi nimechoka kusema. Jaza hiyo birika maji. Gesi inakwenda kama maji, inatafuta chini. Utamwaga maji kabatini, yatatoka chini ya gari, na shemeji atajua ninachomwambia. Baada ya hapo akiziba tena, anaziba kwa makusudi."

Alitoa mitungi, akasimama pembeni, mikono kifuani. Fundi wa kuchomelea wa banda la jirani alizima mashine yake akasogea, kwa kuwa mwezi mzima alikuwa akizisikia kelele hizi na alitaka kuuona mwisho wake. Dada aliingia, akainama, akamimina maji taratibu. Wote wakainamisha vichwa kutazama chini ya gari.

Chini kukavu.

"Ongeza," Milimita akasema.

Dada akaongeza. "Yametuama humu," akasema kutoka ndani. "Hayaendi."

Kilichomtoka Milimita kinywani baada ya hapo hakikupimwa hata mara moja.

"Umeweka kingine! Nimetoa kimoja asubuhi, wewe umezunguka umeweka kingine. Mtu mzima na mvi zako. Unataka nini, shemeji? Siku ukiamka ukamkuta dada yangu amekauka kitandani, utaniambia ni vumbi?"

Fundi wa kuchomelea alipata ghafla jambo la kufanya na glavu zake. Shemeji aliweka kikombe chini, pole pole, kama mtu anayeogopa kukivunja.

"Sijaweka kitu," akasema. "Hata karibu sijafika. Nimekaa hapa."

"Tutaona."

Milimita alijitupa chini, akatambaa kwa mgongo chini ya gari akiwa na tochi mdomoni. Alitambaa mpaka nyuma, akamulika juu mahali pa tundu. Hakuona tundu. Aliona mpira mweusi, mnene, wenye maandishi ya kiwandani, umebana sakafu barabara.

Lilikuwa tairi la akiba.

Mwezi mzima tairi lile lilikuwa limeegemea ukuta wa karakana, maana alilifungua siku ya kwanza ili apate nafasi ya kufanya kazi. Jana jioni alilirudisha mahali pake. Alilipandisha yeye mwenyewe, akaikaza nati yeye mwenyewe, akalitikisa mara tatu na kuridhika kwamba halichezi. Kweli halikucheza. Hata upepo usingepita. Na leo asubuhi, baada ya kuchokoa kizibo, hasira hazikumpa hata nafasi ya kuchungulia.

Angechungulia lini, naye alikuwa na kazi ya kumshika mwenzake? Nyani haoni kundule. Alilala pale, tochi mdomoni, akifikiria ile safari: matambara yote yametolewa, shemeji ameshawishika, na mtungi unavuja kidogo kidogo, usiku mmoja, juu ya tairi alilolifunga yeye. Angetoboa ncha ya mbele, kama alivyoambiwa tangu mwanzo, tairi lisingefika. Hakutoboa, na si kwa ajili ya milimita nne tu. Hakutoboa kwa sababu shemeji ndiye aliyesema.

"Umekiona?" dada akauliza kutoka juu.

Alitoa tochi mdomoni. "Nimeona."

"Ni nini?"

"Ni mimi," akasema.

Alitoka chini ya gari, akachukua keekee ya kutobolea, akaingia garini. Shemeji alipoona anapima ncha ya mbele, alikwenda kumshikia tochi. Walifanya kazi mpaka alasiri. Walikausha kabati, wakainua ubao wa chini kwa kabari ili uinamie mbele, wakatoboa tundu jipya na kulifunika kwa wavu wa chuma, panya wasipite. Lilibaki tundu la zamani. Milimita alisimama akilitazama, kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kile kizibo cha kandambili, akakipaka gundi na kukigongelea mahali pake. Kiliingia sawasawa.

"Kimechongwa vizuri," akasema.

"Ninajua," shemeji akajibu.

Kisha Milimita alirudi chini ya gari, akalala chali chini ya tundu jipya, na kumwambia dada amimine. Alisikia maji yakitembea kwenye ubao juu yake, yakija mbele. Tone la kwanza lilimpiga kwenye paji la uso, kisha yakaja yote, machoni, masikioni, mdomoni. Angeweza kusogea. Hakusogea.

"Yamepita?" dada akauliza.

"Yamepita, dada."

"Vizuri. Sasa kaa huko huko chini, usitoke. Mwombe shemeji yako radhi kwanza."

Kutoka pale alipolala aliviona viatu vya shemeji vikisogea karibu na gari, vikasimama, vikisubiri. Maji yakiendelea kumdondokea usoni, akaanza.