Kulala mu Nafasi ya Mbayo

Tangu mama yake alikufa, mujukuu wangu Béthanie haiko anasema tena. Iko na miaka tano, na minyi njo Kambo yake. Mbayo, mama yake, mutoto wangu, alifia mu kitanda na Béthanie pembeni yake. Minyi nilikuwa nalala mu nyumba ingine ya lupango, mu kiwanja moja. Asubui njo nilibakuta.

Pa parwasi, ku kanisa yetu, banituma kwa mama Émerence, bibi ya soda, askari wa base ya jeshi, mwenye alijifunza kutunza batoto benye roho iliumia. Chumba yake iko na muchanga mu beseni, bapupe ba kuchezea na bisahani bidogo.

"Mama, dawa iko wapi?"

"Dawa njo muchezo, Kambo."

"Minyi nilimuleta aseme. Kucheza, hata ku nyumba batoto banacheza."

"Na huyu, ku nyumba anachezaka nini?"

Hachezake kintu.

Ile siku Béthanie alitandika kitenge chini, akanivuta mukono nilale. Nililala, nikacheka kidogo juu ya hii mifupa yangu. Kisha akanifunika mupaka ku uso. Pale njo nilielewa minyi niko nani. Nikatosha kitenge mbio.

Kwetu muntu hachezake lufu, hachezake kufa. Mwenye analala sawa maiti, anaiita. Batoto bakifanya vile, tunabapiga mu mikono.

"Mama Émerence, hapana. Ataleta lufu ingine."

"Lufu ilishakuya kwenu, Kambo. Mutoto hana maneno ya kuisema, anaisema na mikono. Ukikatala, nitalala minyi. Lakini alichagula weye."

Béthanie alikuwa anangojea. Nilifanya alama ya musalaba, nikalala, nikajifunika minyi mwenyewe.

Alileta kisahani sawa iko na bukari, ugali yetu, akakiweka pembeni ya kichwa yangu. Kisha akalala, mugongo yake ku tumbo yangu.

"Chii," akasema polepole. "Mama analala. Hapana kufanya makelele."

Ile ilikuwa sauti ya Mbayo. Vile njo alikuwa anamuambia kila mara kichwa inamuuma. Kumbe mutoto alitii. Alitii mupaka mama akapoa.

Nilitaka kuamuka nimukumbate. Mama Émerence akanigusa muguu: bado.

Béthanie akanitikisa. "Mama." Akanitikisa tena. Kisha akasimama, akaita na nguvu yote: "Kambo! Kuya! Mama haamuke!"

Nikatosha kitenge. "Niko nakuya, mutoto wangu."

Aliniangalia sawa vile nimetoka mbali. Nikamukamata.

"Mama alikufa, Béthanie. Hata ungeniita, angekufa tu. Haiko juu ya kimya yako."

"Na bukari yake?"

"Hakusikia njaa tena."

Njo akalia. Ku kilio, ku matanga ya mama yake, hakulia hata kidogo. Nikamubeba ku mugongo, na njia yote alikuwa analia, mupaka bantu banasimama.

"Kambo, mutoto iko na nini? Munyamazishe."

"Analilia mama yake," nikabajibu. "Mumuleke."