Mashine ya Nsimire

Mashine ya kutarizi ya marehemu mke wangu ilikaa mezani imeinamisha sindano, kama mtu anayekataa kusalimu. Jumamosi tungeondoa matanga, na binti yetu Élodie alitaka jambo moja tu: ua la mwisho alilochora mama yake litariziwe kifuani mwa gauni lake. Ua lilikuwemo kwenye kompyuta. Mashine ndiyo haikulipokea.

Bulonza, fundi wa kompyuta wa hapa Murara, alichomeka waya mara ya nne.

— Kompyuta haiioni mashine, Papa. Virusi viliua mfumo wa zamani, nikakuwekea huu wa bure. Kampuni ya mashine haikuuandikia piloti.

— Piloti? Nilikuitia ndege?

— Programu ndogo ya kufanya hivi viwili visikilizane. Niliwaandikia. Wanasema tununue mashine mpya.

Hata waliotunga mfumo huo, alisema, waliomba waelezwe tu mashine inavyoamrishwa, wakanyimwa. Basi nikawatukana wa kampuni. Wakubwa wa hapa wanakula barabara zetu, wakubwa wa kule wanafunga mashine tuliyokwisha kuilipia. Shule sina, lakini kutukana hakudai diploma.

— Muzee, pumzika. Ile diski iliyokuja na mashine iko wapi? Nikiipata, narudisha mfumo wa zamani na piloti yake, na leo hii ua linashonwa.

— Mama aliiweka kabatini, alisema Élodie.

Diski hiyo niliijua mimi. Mwaka mmoja ndege walikuwa wakitumalizia mtama kule Kibumba. Niliona kitu kinang'aa kabatini, nikakifunga kamba, nikakitundika shambani. Nsimire aliuliza mara moja tu. Nilimjibu kwamba askari waliopekua nyumba waliondoka nacho. Aliniamini, maana askari huondoka na kila kitu. Shamba lenyewe sasa, kwa sababu ya vita, hatulifikii.

Élodie alikuwa amekwisha kufungua kabati. Alitoa nguo za mama yake moja moja, nguo ambazo hakuna aliyezigusa tangu mazishi, akipapasa kila mfuko.

— Acha, nilisema. Niliitundika mimi. Ya kufukuzia ndege.

Bulonza akaanza kukunja waya wake, macho chini.

— Mama alijua?

— Hapana.

Élodie akaanza kuzikunja upya zile nguo. Alipofika kwenye kitenge kikubwa, nilishika ncha moja ili tukikunje wawili, kama nilivyozoea na mama yake. Élodie hakuivuta ncha yake, wala hakuiachia.